Mume wangu anamwambia daktari ni mzima, usiku nalala na watoto

Shikamoo Somo,

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, naishi Texas na mume wangu na watoto wawili. Naomba usichapishe jina langu wala la mji wetu. Waswahili wa huku tunajuana, na habari ikitoka hapa asubuhi, jioni iko Mtwapa.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi wa Marekani. Alikuja kwa viza ya masomo, karo ikamshinda, kisha akasikia jeshi linachukua wageni wanaojua lugha fulani, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Akajiunga 2011, akapata uraia upesi, na 2013 akapelekwa Afghanistan. Kazi yake ilikuwa kutengeneza malori, na mara nyingine kwenda na msafara barabarani. Kambi yao ilikuwa karibu na shimo la kuchomea taka, na tangu arudi pua yake haijafunguka vizuri. Alitoka jeshini 2019. Sasa anaendesha lori la masafa marefu.

Alipotoka hakudai kitu. Mimi ndiye niliyemsukuma, na mwaka jana akapeleka madai VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, yaani waliokuwa wanajeshi: mgongo, mlio masikioni, kukatika pumzi usingizini, na kiwewe cha vita, hiki wanachokiita PTSD. Barua ya uamuzi ina miezi tisa sasa. Mgongo wamempa asilimia 10 ya ulemavu, masikio 10. Pumzi wamekataa, wanasema hakuna kinachoihusisha na utumishi wake jeshini. PTSD wamekataa, wanasema mchunguzi hakuona ugonjwa. Jumla 20. Hizo hazifiki dola 400 kwa mwezi, na kodi za nyumba huku unazisikia. Rafiki yake waliyekuwa naye kikosi kimoja ana asilimia 90, na wala hakutoka kambini.

Somo, mimi najua kilichotokea kwenye ule uchunguzi, maana niliyempeleka ni mimi. Wa mgongo aliinama mbele ya daktari huku amekaza meno, na tulipotoka nikamfunga mimi kamba za viatu. Wa akili sikuingia, lakini tuliomba ripoti nikaisoma. Aliulizwa analalaje, akasema analala vizuri. Akaulizwa kuhusu ndoa, akasema hakuna shida. Akaulizwa kama anaepuka watu, akasema yeye ni mtu wa watu.

Mtu wa watu! Kwenye harusi ya binamu yangu huko Dallas alikaa garini usiku kucha, nikampelekea biriani dirishani. Tukiwa njiani akiona mfuko wa taka pembeni mwa barabara kuu anahama njia ghafla mpaka watoto wanapiga mayowe. Usiku anapiga kelele za amri kwa Kiingereza. Mwaka juzi alinishika shingo akiwa usingizini. Alipozinduka alilia mpaka alfajiri, na tangu siku hiyo mimi nalala chumba cha watoto. Tumewaambia baba anakoroma. Hakuna mwingine anayejua isipokuwa wewe sasa.

Namwambia tukate rufaa, hataki. Anasema wenzake walirudi bila miguu, hao ndio wa kudai. Anasema nchi hii imempa uraia, atadai mangapi? Anasema mwanamume akishaandikwa mgonjwa wa akili ameandikwa, leseni ya lori itakwenda. Na anaogopa wakifungua faili upya watamnyang'anya hata hizo 20.

Rafiki yake huyo amemletea kampuni moja inayoahidi kumfikisha asilimia 100. Ada yao ni kile kitakachoongezeka kwa mwezi, mara sita, na wanataka awape nywila ya akaunti yake ya VA. Wifi yangu, yaani dada yake, ananiambia mficha uchi hazai, niandike kila kitu mwenyewe nipeleke, pamoja na video. Nina video, Somo. Nilimrekodi usiku mmoja akipiga kelele, yeye hajui. Mama yangu nilimgusia juu juu tu, akasema mambo ya chumbani hayapelekwi serikalini.

Desemba tunakwenda Kilifi kumwona mama mkwe. Muda wa rufaa ni mwaka mmoja na unakwisha. Nimkatie rufaa mwenyewe? Nitume hiyo video? Au ninyamaze nilinde nyumba yangu?

Mke wa Askari, Texas

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Humo ndani mna mambo mawili, na naomba tuyatenganishe. Moja ni barua ya VA na asilimia zake. La pili ni kwamba wewe na mumeo mnalala vyumba viwili na watoto wanaambiwa ni koromo. La kwanza umelieleza kwa urefu na hesabu. La pili umelipitia mbio. Kwangu mimi hilo la pili ndilo zito. Lakini nitaanza na la karatasi, kwa kuwa lina tarehe.

Huo mwaka mmoja unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi. Ukipita, mlango haufungwi kabisa: bado anaweza kupeleka dai la nyongeza akiwa na ushahidi mpya. Kinachopotea ni tarehe ya kuanzia malipo. Akishinda ndani ya mwaka, malipo kwa kawaida hurudi nyuma hadi siku ya dai la kwanza. Akishinda baada ya hapo, huanza upya pale alipopeleka lile jipya. Kwa hiyo mna miezi mitatu ya kufikiri kwa utulivu. Si mingi, lakini si ya kukurupuka usiku na kubofya bofya.

Sheria ya rufaa ilibadilishwa, na tangu Februari 2019 njia ni tatu. Kinachowapita wengi ni kwamba kila ugonjwa kwenye barua unaweza kwenda njia yake. Si lazima yote manne yapande gari moja.

Chukua mgongo. Kiwango chake kinafuata nyuzi za kuinama mbele. Anayeinama kupita nyuzi 60 lakini si zaidi ya 85 hupewa asilimia 10. Anayeishia zaidi ya 30 bila kupita 60 hupewa 20. Mumeo alikaza meno akainama, na karatasi ikaandika alikofika. Haikuandika nani alifunga kamba za viatu. Sasa, mahakama inayosikiliza rufaa za maveterani ilishasema mwaka 2017 kwamba mchunguzi anatakiwa aulize mgongo huwaje siku unapochachamaa, na akadirie hali hiyo hata kama siku ya uchunguzi umetulia. Ifungueni tena ripoti mliyonayo. Swali hilo liliulizwa? Kama halikuulizwa, au liliulizwa na jibu likaachwa hewani, hilo ni kosa la kuonyesha kwenye mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Afisa mwandamizi analisoma faili lilelile upya. Hapokei ushahidi mpya hata karatasi moja, ila mnaweza kuomba mazungumzo ya simu kumwonyesha kosa lilipo. Kama swali liliulizwa na mumeo akajibu kwamba mgongo hauchachamai, njia hiyo haitawasaidia sana.

PTSD na pumzi ni habari nyingine. Hapo faili lenyewe halina kitu, na kulisoma upya faili tupu ni kupata jibu lilelile. Njia inayofaa faili la namna hiyo ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, linalohitaji ushahidi mpya unaogusa sababu ya kukataliwa. Kwa PTSD, sababu ni kukosekana ugonjwa uliotambuliwa. Ushahidi wake ni mtaalamu aliyekaa naye zaidi ya mara moja na kuandika alichokiona. Habari ya tukio lenyewe haitawasumbua sana: tangu Julai 2010, aliyehudumu mahali penye hofu ya kushambuliwa na adui anaweza kuaminiwa kwa maelezo yake mwenyewe, mradi mtaalamu wa VA, au aliyepewa kandarasi nayo, akubali kwamba tukio hilo linaweza kuleta ugonjwa huo. Kwa pumzi, kinachokosekana ni daktari wa kuiunganisha na jeshi, au kueleza kwamba imesababishwa au kuzidishwa na ugonjwa mwingine uliokwisha kukubaliwa. Daktari si lazima awe na uhakika. Kipimo ni kwamba uwezekano angalau ni nusu kwa nusu, na ushahidi ukilingana pande zote, sheria inampa mwanajeshi.

Njia ya tatu ni kwenda kwa jaji wa Bodi ya rufaa, fomu 10182, pamoja na ushahidi mpya au bila huo, au kwa kusikilizwa ana kwa ana. Ni njia nzuri kwa mwenye subira, maana foleni yake ni ndefu. Mara nyingi inapita mwaka. Hizo mbili za mwanzo VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125.

Pua je? Umeitaja kwa sentensi moja ukaipita, na sioni kwamba mliidai. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 2022, inamchukulia aliyekuwa Afghanistan baada ya Septemba 11, 2001 kwamba aliuvuta moshi wa yale mashimo ya taka, na baadhi ya magonjwa yanahesabiwa yametokana nao bila yeye kuthibitisha. Pua inayovimba kwa muda mrefu (rhinitis) na uvimbe sugu wa vishimo vya mifupa inayozunguka pua (sinusitis) yamo, na pumu pia iliyotambuliwa baada ya utumishi. Kukatika pumzi usingizini hakumo. Hiyo ya pua si rufaa, ni dai jipya, na linahitaji kwanza daktari aitaje kwa jina la ugonjwa.

Kabla hujaanza kupanga matumizi, usijumlishe asilimia kama za sokoni. VA huanza na ugonjwa mkubwa, kisha unaofuata hukatwa kutoka kwa uzima uliobaki. Tuseme, kwa mfano tu, PTSD ipate 50 na mgongo 20. Asilimia 20 ya 50 zilizobaki ni 10, mko 60. Masikio yanakata 10 kwenye 40 zilizobaki, yaani 4, mko 64, na 64 inashushwa ikawa 60. Ndiyo maana anayemwahidi mtu 100 kabla hajafungua faili lake namtilia shaka. Jambo moja la kweli ni hili: chini ya asilimia 30 mke na watoto hawahesabiwi kwenye malipo, na kuanzia 30 wanahesabiwa. Kwa viwango vya 2025, asilimia 20 zilikuwa dola 346.95 tu kwa mwezi, uwe peke yako au na nyumba iliyojaa.

Kuhusu kampuni hiyo sitazunguka. Sheria hairuhusu mtu yeyote kulipisha kwa kuandaa dai la mwanzo, na kwenye rufaa wanaoruhusiwa kulipisha ni mawakili na maajenti walioidhinishwa na VA, ambao kwa kawaida huchukua sehemu ya malimbikizo, mara nyingi asilimia 20, na hulipwa mteja akishinda. Mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa wasiolipisha hata senti, na kaunti nyingi za Texas zina afisa wa kazi hiyohiyo. Kwenye tovuti ya VA mnaweza kutafuta jina la mtu mkaona ameidhinishwa au la. Na nywila haitolewi kwa mtu, awe rafiki wa kikosi au nani.

Sasa tuje kwa mumeo mwenyewe.

Umeandika kana kwamba wachunguzi walimdhulumu. Labda wa mgongo, sijui, ripoti itasema. Lakini wa akili aliandika alichoambiwa. Tumelelewa hivyo sote: hata aliyetoka makaburini kuzika akisalimiwa hujibu salama kwanza, ndipo polepole yanatoka ya moyoni. Yule mchunguzi alisikia salama ya kwanza akafunga jalada. Kwa hiyo uchunguzi wa pili, na wa tatu, utatoa matokeo yaleyale ikiwa mumeo hajawa tayari kusema. Rufaa unayoitaka wewe inapita kinywani mwake, mwanangu. Hakuna fomu inayozunguka hapo.

Na sababu zake nisingezipuuza. Ile ya waliopoteza miguu ni heshima kwa wenzake, na heshima hiyo ni nzuri. Ila fidia ya VA haitoki kwenye fungu moja la kugawana. Kila anayestahili analipwa kwa sheria, na mwenye mguu mmoja hapungukiwi kwa sababu ya mgongo wa mwenzake. La uraia ni gumu zaidi, maana hilo ni deni analoliona yeye moyoni. Ningekuwa na nafasi ningemuuliza tu: wale askari wenzake waliozaliwa Ohio, ambao hawakupewa uraia na mtu, yeye anaona wao wana haki ya kudai? Akijibu ndiyo, mwache akae na jibu lake.

Hofu ya leseni ina ukweli nusu. VA haimpelekei mwajiri barua kwamba fulani ana asilimia za PTSD. Taarifa za afya ni siri. Lakini dereva wa lori hupimwa afya ya udereva mara kwa mara, na fomu ile inauliza usingizi, inauliza hali ya akili, inauliza dawa. Anatakiwa kujibu kweli, awe na asilimia au asiwe nazo. Kinachomweka hatarini barabarani ni kukatika pumzi kusikotibiwa na kule kuhama njia ghafla. Asilimia haziongezi wala kupunguza hapo. Hili ajadiliane na daktari wake, si na mimi, wala si na rafiki wa kikosi.

Hofu ya kunyang'anywa nayo si ya kipumbavu. Uchunguzi mpya unaweza kuonyesha mtu amepata nafuu, na viwango huweza kushushwa. Ila havishushwi kimyakimya: VA lazima impe taarifa ya pendekezo na siku 60 za kuleta ushahidi wake. Tena yale ambayo barua ya uamuzi imeyakubali kwa faida yake, kama vile kwamba mgongo umetokana na jeshi, maafisa wengine wa VA wanafungwa nayo mpaka uonekane ushahidi wa wazi kabisa kwamba ilikosewa. Hatari ipo, ni ndogo kuliko anavyoiona, na ya kuipima ni yeye pamoja na mwakilishi aliye na faili mkononi.

Wifi yako ana methali, na mama yako akitaka ataipata ya kumjibu. Methali zetu hazikosi wakili upande wowote. Mimi nakuambia mambo ya vitendo kwanza: huwezi kumkatia rufaa kwa siri. Fomu inataka sahihi yake, au ya mwakilishi aliyemteua yeye. Unachoweza ni kuandika ushuhuda wako, fomu 21-10210 ipo kwa ajili hiyo, na utakwenda kwenye faili lake, ambalo yeye ana haki ya kulisoma wakati wowote. Hebu jione siku anaisoma.

Ushuhuda wa mke una uzito, nisikufiche. Watu wa VA hawawezi kuutupa kwa kuwa tu hakuna karatasi ya hospitali inayosema sawasawa na wewe. Wala hauhitaji kuvua kila nguo. Unaandika ulichokiona kwa macho na ulichosikia, na takriban lini. Ugonjwa usiutaje, huo ni wa daktari. Harusi ya Dallas na biriani dirishani ni ushahidi. Mfuko wa taka barabarani ni ushahidi. Kwamba hamlali chumba kimoja tangu mwaka juzi kwa sababu ya kelele na mikono yake usingizini, hiyo ni sentensi moja, na inatosha bila kueleza shingo. Au mnaweza kuieleza, ikiwa yeye mwenyewe ataona isemwe. Faili ni siri kisheria, lakini siri ya ofisini ina wasomaji wake: mwamuzi, mchunguzi, mwakilishi. Mama yako hajakosea anapoogopa hilo. Wengine wanaona bei hiyo inafaa, wengine hawaioni.

Video ndiyo inayonitia wasiwasi. Najua kwa nini uliirekodi. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba hakuna kitu hutafuta kitu cha kushika. Lakini yeye hajui kuwa ipo, na mtu ambaye ubongo wake bado unamlinda dhidi ya wavamizi akijikuta amerekodiwa kitandani mwake na mkewe, sijui atalipokeaje. Unaweza kumwonyesha akiwa peke yake, mchana, siku aliyopumzika, si katikati ya ugomvi. Wapo waume waliojiona hivyo ndipo wakaamini. Wapo pia walioona aibu wakazidi kujifunga. Unaweza kuifuta bila kusema, na ushuhuda wako wa maandishi ukabaki na nguvu yake. Lile la kuituma bila yeye kujua, ambalo wifi analipendekeza, uliza kwanza kama wifi atakuwepo siku litakapojulikana.

Nina maswali mawili ambayo hukuyagusa. Je, mkono wake umewahi kukufikia akiwa macho? Nauliza kwa sababu usingizini na macho ni vitu tofauti, na kama jibu ni ndiyo, mengine yote niliyoandika yanasubiri mpaka wewe na watoto muwe salama. Na je, kuna bunduki nyumbani? Texas si Kilifi. Kama ipo, ifungiwe mbali na kitanda. VA hutoa kufuli za bunduki bure, hata bila maswali marefu. Kuhama chumba hukuvunja ndoa. Ulijikinga, na ulimkinga na yeye pia asije akaamka siku moja na jambo lisilorudishika. Usiku ukiwa mbaya, namba 988 kisha kubonyeza 1 inampata mtu wa kuzungumza na maveterani saa yoyote, na mke anaruhusiwa kupiga pia.

Halafu kuna mlango ambao sidhani mmeuona. Vet Center, vituo vya ushauri vya VA, zipo tangu 1979, ziko Texas nyingi, na zinapokea waliokwenda maeneo ya vita, na familia zao pia, bure, bila kuuliza asilimia. Kumbukumbu zao haziingii kwenye faili la madai mpaka mwenyewe aridhie. Mumeo anaweza kwenda pale mwaka mzima bila kudai dola moja. Anaweza pia, akitaka baadaye, kuomba mshauri wake aandike. Hapo tiba na rufaa zinaweza kutenganishwa, na kwa mtu anayeona kudai ni aibu, kutenganisha huko kunaweza kuwa jambo kubwa. Hatari yake ni muda: akianza leo, miezi mitatu huenda isitoshe kupata maandishi mazito, na tarehe ile ya malipo ikapita. Nawe unaweza kwenda hata yeye akikataa.

Utamwambia nini? Sikuandikii hotuba, yeye ni mumeo. Ninachoona ni kwamba kila ulipomwendea ulimwendea na asilimia, na yeye akakujibu kwa asilimia: wenzangu, uraia, leseni. Hujaniambia kama umewahi kumwambia kwamba unataka kurudi kulala chumbani kwenu. Huenda atanyamaza. Huenda atasema kwanza twende kwa mwakilishi tusikie, na kusikia tu hakumfungi. Huenda atasema hapana, na wewe ukabaki na swali la utaishi vipi na hapana hiyo, swali ambalo hata asilimia 100 zisingelijibu. Mimi kutoka hapa siwezi kujua, na sitajifanya najua.

Mkiamua kupeleka kitu, fomu ifike kabla ya tarehe ya mwaka, na mtunze uthibitisho wa kupokelewa. Lile la pua lina njia ya kushika nafasi: mnapeleka taarifa ya nia ya kudai, na mnapata mwaka mzima wa kukusanya karatasi huku tarehe imeshikwa. Miadi ya uchunguzi siku hizi hupangwa zaidi na kampuni zenye kandarasi, simu zao huja kwa namba msizozijua, na asiyehudhuria bila sababu nzuri anaweza kukataliwa dai kwa hilo tu. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege Desemba wapigieni VA au mwakilishi, wapeni tarehe za kuondoka na kurudi, na simu ya mumeo iwe inapatikana mkiwa Kilifi.

Somo